London Wakati Miti Inapochipua
Mgeni aendaye London mwezi wa Aprili asilitumaini jua. Laweza kung'aa sana lisimpashe mtu joto. Achukue koti, kisha aende St James's Park kuwatazama ndege waitwao mwari, ambao wa kwanza wao walitolewa zawadi na balozi wa Urusi mwaka 1664. Mvua ikimshika, aingie British Museum, iliyofunguliwa mwaka 1759, wala haitozi kiingilio. Humo, kwa maoni yangu, Mwafrika asipite upesi penye sanamu za shaba za Benin. Askari wa Kiingereza walizichukua kwa nguvu mwaka 1897, na Nigeria imezidai kwa miaka mingi. Atokapo asihofu giza: mwisho wa mwezi huo, hata saa mbili ya usiku jua huwa halijatua.