Barua kutoka Winston-Salem: Mwacheni Kocha Akae

Ndugu zangu wa Nakuru, nanyi wa Njoro, Molo na Bahati,

Moyo wangu umechafuka. Jumapili usiku nilipokuwa nikitoka kazini, binamu yangu alinitumia picha ya uwanja wetu wa mpira wa kikapu, ule wa shule niliyosomea. Ringi moja imeinama kama sikio la mbuzi. Katikati ya uwanja, pale tulipokuwa tukirukia mpira wa kwanza, limeegeshwa basi la shule. Chini ya picha ameandika: "Mwalimu alihamishwa Januari. Mipira iko stoo. Ufunguo haijulikani uko kwa nani."

Shule siitaji, wala mwalimu simtaji. Alitukuta tukicheza kwa mpira wa miguu uliotoboka, akatununulia neti kwa mshahara wake, akatutoa kwenye mashindano ya wilaya hadi yale ya Mkoa wa Bonde la Ufa, enzi hizo mikoa ikiwa bado ipo. Sasa ameondoka, na binamu yangu anasema wazazi walipoulizwa walijibu kwamba hayo ni mambo ya kawaida. Neno hilo ndilo lililoninyima usingizi. Ya kawaida vipi?

Hebu niwaeleze ninakoishi. Mji huu wa Winston-Salem, katika jimbo la North Carolina, una chuo kidogo kilichoanzishwa kwa ajili ya Weusi wakati sheria za ubaguzi zilipowafungia milango ya vyuo vingine. Leo kinaitwa Winston-Salem State. Mwaka 1946 timu zake zilikabidhiwa kijana wa miaka 23 aliyeitwa Clarence Gaines. Alikuwa na shahada ya kemia na nia yake ilikuwa kusomea udaktari wa meno. Alikuja kama msaidizi tu, mkubwa wake akaondoka, naye akabaki na kila kitu: timu ya kikapu, timu ya futiboli ya Kimarekani, tiketi za mlangoni, bandeji za vifundo vya miguu, na vipindi vya darasani. Alikuwa pandikizi la mtu, kiasi kwamba walimwita "Big House", yaani jumba kubwa.

Alikaa hapo hadi mwaka 1993. Miaka 47! Alipoanza, Mzee Kenyatta ndiyo kwanza alikuwa akirejea kutoka Uingereza. Alipostaafu, sisi tulikuwa tumekwisha kupiga kura ya vyama vingi ya 1992. Katika miaka hiyo yote timu yake ya kikapu ilishinda mechi 828 na kushindwa 447, na hakuna aliyemwandikia barua ya kumpeleka kufundisha kemia upande mwingine wa jimbo.

Tazameni kukaa kulivyozaa. Mwaka wa kumi na tano, 1961, kijana wake Cleo Hill alichukuliwa katika raundi ya kwanza na St. Louis Hawks wa ligi ya NBA. Mwaka wa ishirini na moja, 1967, akiwa na Earl Monroe aliyekuwa akifunga wastani wa pointi 41.5 kwa mechi, alitwaa ubingwa wa taifa wa vyuo vidogo. Chuo chake kilikuwa cha kwanza cha Weusi kutwaa taji lolote la kikapu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo hapa. Nawaomba mwihesabu ile miaka ishirini na mmoja. Angehamishwa mwaka wa nne, Monroe angemkuta nani alipowasili kutoka Philadelphia?

Wala msidhani alistarehe. Katika mji huuhuu kuna Wake Forest, chuo tajiri kilichokuwa cha Wazungu. Kwa miaka mingi timu hizo mbili hazikuweza kukutana rasmi. Zilicheza mazoezi milango ikiwa imefungwa, maana nje sheria na desturi zilikataza. Gaines alifanya kazi yake ndani ya ukuta huo, na chuo kikamwachia nafasi ya kuifanya.

Wapo watakaosema kwamba mtu anaweza kukaa hadi akaoza. Ni kweli, jambo hilo lina uzito. Miaka ya mwisho timu yake ilishindwa mara nyingi, na mchezaji wake mmoja aliandika katika gazeti la chuo kwamba mzee apumzike, kwa ajili ya afya yake. Mchezaji huyo ni Stephen A. Smith, yuleyule mtangazaji wa Marekani ambaye vijana wenu wanamtazama kwenye simu. Lakini tatizo la kocha aliyekaa mno Nakuru haijawahi kulijua. Sisi tunang'oa mche kabla haujatoa jani la tatu, halafu tunalalamika kwamba hatuna kivuli.

Wala msiniambie kwamba hayo ni ya Marekani yenye pesa. Pandeni matatu mwende Eldoret, kisha mpande hadi Iten. Mwaka 1976 Mwairishi mmoja, Brother Colm O'Connell, alifika shule ya St Patrick's kufundisha jiografia. Ukocha hakuwa ameusomea. Akakaa. Mwaka 1988 Peter Rono, kijana wa shule hiyo, alishinda dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul. Mwaka 1992 Matthew Birir akashinda ya kuruka viunzi na maji kule Barcelona. Na tarehe 9 Agosti 2012, mjini London, David Rudisha aliyelelewa na mkono huohuo alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Kati ya Seoul na London ni miaka 24, na kocha ni yuleyule. Shuleni hapo imepandwa miti kwa majina ya mabingwa. Iten si Marekani, jamani. Ni safari ya nusu siku kutoka stendi ya Nakuru.

Najua wakubwa wa elimu wana sababu za kuhamisha walimu, na nyingine ni za haki. Ziko shule za mbali zisizo na mwalimu wa hesabu hata mmoja. Ninacholaumu ni nyinyi kunyamaza. Bodi ya shule inaweza kuandika barua kueleza mwalimu huyu anajenga nini. Chama cha wazazi kinaweza kusimama. Shule ikikosa mwalimu wa kidato cha nne mnapiga kelele hadi kwa mbunge. Kocha akiondoka mnasema kawaida.

Na nyinyi mnaoniandikia kuhusu watoto warefu mnaotaka waje huku, nisikilizeni kwa makini. Msimlipe ajenti anayeahidi nafasi kwa laki mbili. Kocha wa kweli humwandikia mtoto mwenyewe, na chuo ndicho kinachotoa fomu ya I-20 ya kuombea viza. Alama za KCSE hutazamwa kabla ya urefu, kwa hiyo asiyesoma asidanganywe. Rekodini mechi nzima kwa simu, siyo mirusho mitatu iliyoingia. Mtoto akimaliza kidato cha nne asikae nyumbani miaka, kwa sababu kanuni za huku huihesabu. Jueni pia kwamba vyuo vya Daraja la Tatu la NCAA havitoi ufadhili wa michezo kabisa, na vya Daraja la Pili mara nyingi hutoa nusunusu, hivyo mama, uliza kwa maandishi nani atalipa chakula na bima. Kisha muulize kocha maswali mawili: umekaa hapo miaka mingapi, na wachezaji wako wangapi wamehitimu? Akijikanyaga, mtafutie mtoto chuo kingine.

Binamu amenipigia tena jana. Anasema ameletwa mwalimu mpya wa kemia, kijana aliyecheza kikapu alipokuwa Egerton pale Njoro, na kwamba jioni huonekana akiuzunguka uwanja peke yake, akilitazama lile basi. Ndugu zangu, michezo ya muhula wa kwanza iko karibu. Liondoeni basi, utafuteni ufunguo wa stoo, mumpe yeye mkononi, na mwakani msikubali aondoke.