Gurudumu Likilia Njiani
Asubuhi moja ya baridi, baada ya mvua ya usiku, tuliondoka Bunda na watoto kwenda Musoma, tukipitia Butiama kuliona kaburi la Mwalimu Nyerere, aliyezikwa hapo mwaka 1999. Mwanzoni magurudumu yalikwaruza kila tulipofunga breki, kisha yakanyamaza. Hiyo ni kutu nyepesi ya unyevunyevu, haitishi. Tulipopita Makutano ulianza mvumo mwingine: ulizidi gari lilipokwenda kasi, ukabadilika kwenye kona. Tukapunguza mwendo. Butiama, fundi aliinua gurudumu kwa jeki, akalitikisa, likacheza. Beringi ilikuwa imekwisha. Nyingine ililetwa kutoka Musoma. Mama mpendwa, kelele isiyoondoka usiifunike kwa redio. Waliokaa nyuma ni wanao.