Kabla Fundi Hajamaliza Bafu la Mama Yako

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Picha za nyumba ulizonitumia nimeziona zote, na nimewaonyesha hata majirani ambao hawakuniomba. Hongera, baba. Kumjengea mama si jambo dogo.

Lakini ile picha ya bafu imeninyima usingizi. Marumaru nyeupe, zinang'aa mpaka fundi anajiona uso. Wewe umeona uzuri. Mimi niliyefanya uuguzi miaka thelathini na ushei nimeona nyonga ya wifi yangu.

Wodini walikuwa wakiletwa mabibi juu ya kitanda cha kamba, wamebebwa na vijana wanne. Ukiifunua khanga unajua hata kabla ya eksirei: mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwenzake, na unyayo umelala upande wa nje. Hiyo ni nyonga iliyovunjika. Na usidhani mfupa ndio unaoua. Kinachoua ni kitanda. Mgongo unachubuka, kifua kinajaa, damu inaganda miguuni. Bibi aliyeingia akitutania wauguzi kwa ulimi wake mkali, baada ya wiki chache huna wa kukutania. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuanguka kunaua watu 684,000 kila mwaka, na waliopita miaka 60 ndio wanaokufa zaidi. Huku kwetu tunasema tu "kaanguka bafuni", halafu kila mtu anamalizia mwenyewe: presha, jini, uzee. Presha huwa kweli wakati mwingine. Ila sakafu hakuna anayeishuku.

Nami nimeanguka. Hilo wanangu hawalijui, na ukiwaambia nitakana. Ilikuwa mwaka jana, kabla ya alfajiri. Nilikuwa nikimeza kile kidonge cha presha kinachokojoza, tena usiku baada ya chakula, kwa hiyo naamka mara tatu kwenda chooni. Siku hiyo nimemaliza kutawadha, miguu imelowa, kandambili zimelika soli hadi zimekuwa kama kipande cha sabuni, umeme umekatika, na dera langu linaburura. Kila moja katika hayo nilikuwa nikiishi nalo siku zote bila kudhurika. Siku hiyo yalikutana. Nikashika ndoo, ndoo ikaja nami. Sikuvunjika, alhamdulillahi, lakini nilibaki pale chini mpaka watu wanatoka msikitini, najaribu kuinuka na magoti hayataki. Asubuhi nikasema nimejigonga mlangoni.

Kwa nini nilidanganya? Kwa sababu nilijua nitakachoambiwa: mama, sokoni basi, mama, kaa. Na mama yako atadanganya vilevile. Kwa hiyo usimuulize kama ameanguka. Muulize mwezi huu ameteleza mara ngapi, au amejikwaa wapi. Kuteleza tunakiri.

Baadaye daktari alinihamishia kile kidonge asubuhi, na usiku wangu ukatulia. Wewe usimbadilishie mama dawa kwa akili yako. Kusanya vyote anavyomeza, pamoja na vile vya usingizi alivyogawiwa na shoga yake (vipo, mimi namjua), uvipeleke kwa daktari avitazame kwa pamoja. Na macho yake yapimwe. Akikuambia taa za siku hizi hazina mwanga, huenda ni mtoto wa jicho.

Turudi bafuni. Hizo marumaru zirudishe dukani, utafute zenye uso wa kukwaruza, hata kama rangi yake haikupendezi. Kile kidaraja cha mlangoni kisawazishwe na sakafu. Weka taa ya kuchaji mahali mkono wake utaifikia akiwa bado kitandani, na akiamka akae kwanza ukingoni, miguu chini, asome hata Fatiha mbili ndipo asimame. Damu nayo inahitaji muda wa kupanda. Kandambili zake zitupe, mnunulie viatu vyenye mkanda nyuma ya kisigino. Madera yake apunguziwe pindo. Atanung'unika, nitasema naye mimi.

Lililoniuma zaidi si marumaru. Umeandika kwamba akishafika hapo hatashika hata ufagio. Najua ni mapenzi. Ila mtu mzima ukimkalisha kwenye kochi miezi sita, umemvunja miguu bila kumgusa. Aache apepete mchele wake, aende dukani kwa miguu, amwagilie mchicha. Chuo Kikuu cha Otago, kule New Zealand, walitunga mazoezi ya wazee ya kufanyia nyumbani, ya kutia nguvu miguu na kusimama bila kuyumba, na walioyafanya walipunguza kuanguka kwa karibu theluthi. Si mambo makubwa: ashike meza ya jikoni, ainue visigino, ashushe; ainuke kitini bila kujisukuma kwa mikono, akae, ainuke tena.

Akifika, fanya hivi kama mchezo. Mkalishe kitini, umwambie ainuke, atembee mita tatu, ageuke, arudi akae. Mwendo wake wa kawaida, asikimbie. Tazama saa ya simu. Zikifika sekunde 12 au zaidi, mpeleke akaonwe na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, usingoje aanguke.

Jumamosi nitapanda basi la asubuhi nije huko. Mwambie fundi anunue vyuma vya kushikia ukutani, lakini asivifunge. Na viwe vyuma vya kushikia kweli, si kile cha kutundikia taulo, kinang'oka. Nataka tumsimamishe mama yako pale penyewe, anyooshe mkono, ndipo fundi achore alama ukutani.

Shangazi yako