Mkono wa Kinanda

Katika viungo vyote vya kinanda cha santuri hakuna kinachosahauliwa upesi kama mkono. Msikilizaji husifu spika kwa ukubwa wa sauti, na hulaumu mtambo ukizunguka polepole. Lakini mkono huuona kuwa kijiti tu cha kubebea sindano. Hata hivyo uhai wa sahani umo katika mkono. Sindano haina macho. Hufuata mfuo uliochongwa, ikiyumba kushoto na kulia kwa mawimbi ambayo mengine ni membamba kuliko unywele, na mkono hutakiwa kuibeba bila ya kuisukuma, bila ya kuivuta, wala kuilalia. Mkono bora ni ule ambao sahani haijui kuwa upo.

Mwalimu mmoja aliyestaafu huko Kimwani, kusini mwa Muleba, ambako nchi ya Wahaya hukaribiana na Uzinza, alilifahamu jambo hili kwa kutazama urithi wake. Baba yake alinunua kinanda cha kutia ufunguo katika miaka ya 1950, bei ya kahawa ilipopanda, na pamoja nacho sahani nzito za zamani zizungukazo mara 78 kwa dakika. Mkono wa kinanda kile ulikuwa bomba la chuma lenye kichwa cha kutolea sauti, na uzito ulioikalia sindano ulizidi gramu 100. Sindano yenyewe ilikuwa ya chuma, na desturi ilikuwa kuitupa kila baada ya upande mmoja. Maana sahani zile zilichanganywa na vumbi la mawe makusudi ili ziisage sindano mpaka ilingane na mfuo. Lakini sindano si bidhaa ya kupatikana kila siku mahali palipo mbali na duka, na moja iliweza kupiga harusi nzima. Sindano iliyochakaa haisagwi tena, husaga yenyewe.

Mtu akizipanga sahani hizo leo juani huona ajabu ya kusikitisha. Zile zilizopendwa zimekuwa na rangi ya majivu. Zile ambazo hakuna aliyezitaka ni nyeusi, zinang'aa kama zilitoka dukani jana. Miongoni mwa zilizofifia imo ya Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyekwenda Bombay mwaka 1928 pamoja na wenziwe kutia sauti katika sahani. Imo na nyingine isiyo na jina, kwa kuwa karatasi yake ya katikati ilibanduka zamani: mtu anaghani huku akipiga enanga, ala ya nyuzi iliyochongwa katika mti kama kihori, ambayo kwayo manju wa Kihaya husimulia habari za mashujaa na watawala. Enanga haina kishindo. Sauti zake ni nyembamba, na sauti nyembamba ndizo zinazofutwa kwanza na sindano nzito.

Kinanda cha pili cha nyumba hiyo ni cha umeme, aina ya Garrard 301, kilichoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1954. Mtambo huo una nguvu na mwendo wa sawasawa, nao huzunguka kwa kasi tatu, 78 ikiwamo; lakini uliuzwa bila ya mkono, kila mnunuzi akajitafutia. Aliyekuwa nacho kabla ya Mwalimu alikifunga mkono mzito wa bei nafuu. Basi kwa miaka mingi mtambo wa kifalme ulitumikiwa na mkono wa mchukuzi.

Mwalimu alipoazimia kutumia sehemu ya fedha za msimu wa kahawa kununua mkono mwingine, kijana wake alishangaa.

"Tata," alisema, akionyesha simu yake, "nyimbo zote zimo humu."

Mwalimu akampa sahani isiyo na jina. "Nitafutie hii."

Kijana aliigeuzageuza, akairudisha. Hakulitaja jambo la simu tena, ingawa la fedha alilitaja.

Mkono uliochaguliwa ulikuwa wa SME, uliokwisha kutumika. Kampuni hiyo ya Steyning, Uingereza, ilitoa mkono wake wa kwanza mwaka 1959, na mwishoni mwa mwaka 2019 ilitangaza kuacha kuuza mikono peke yake. Kwa hiyo atakaye hutafuta kwa waliotangulia. Ni mrefu, inchi 12, na urefu huo una maana. Mashine inayochonga sahani hupeleka kikato chake katika mstari ulionyoka kuelekea katikati. Mkono wenye egemeo moja hupita kwa upinde, na hivyo sindano hukaa upande kidogo karibu njia nzima. Erik Löfgren wa Sweden mwaka 1938, na H. G. Baerwald mwaka 1941, walionyesha kwa hesabu jinsi ya kukipinda kichwa na kukipitisha mbele ya msumari wa katikati, ili kosa liishe kabisa katika sehemu mbili na lipungue kwingine. Mkono mrefu hulipunguza zaidi. Faida huonekana hasa mwishoni mwa wimbo, ambako mfuo ni mfupi na mawimbi yamesongamana.

Seremala alichonga meza mpya ya mvule, maana ile ya zamani haikutosha urefu. Fundi wa redio alikuja na mzani mdogo kama wa sonara. Alisogeza uzani wa nyuma mpaka mkono ukaelea wenyewe hewani, haupandi wala haushuki, kisha akauongezea gramu tatu na nusu tu.

"Waitu Mwalimu," alisema, "sindano ya kawaida ya sahani hizi itapita palepale palipokwisha kuliwa. Tutafute iliyo nene au nyembamba kidogo, iguse ukuta juu au chini ya jeraha."

Hilo ndilo lililokuwa shauri bora kuliko mkono wenyewe, na halingefaa kitu bila ya mkono huo, ambao kichwa chake hufunguliwa na kubadilishwa kwa kuzungusha pete. Sindano tatu za unene mbalimbali zilijaribiwa juu ya sahani ambazo hakuna aliyezijali. Ya nene ikapita vizuri. Ndipo sahani isiyo na jina ikawekwa, na chombo cha kunasia sauti kikawashwa.

Mchakacho ulikuwa mwingi, kwa sababu mkono mwema hauchagui. Huleta mkwaruzo kama uletavyo wimbo. Lakini nyuma ya mchakacho nyuzi zilihesabika, na yule manju akasikika akivuta pumzi kabla ya kughani. Karibu na mwisho maneno yalizama, yakaibuka, yakazama.

Kijana aliomba irudiwe. Mwalimu aliinua mkono, akairudisha sahani katika bahasha yake, akaweka nyingine, ile ya dansi ambayo baba yake hakuipenda kamwe, nyeusi na yenye kung'aa.