Land Rover ya mzee, moyo wa Toyota

MTU wa mjini akiiona Land Rover ya kizamani anafikiria picha ya harusi. Mtu wa Karagwe anafikiria mzigo. Huko 'mia na tisa' inaheshimiwa kama ng'ombe wa maziwa: haiuzwi ovyo, na ikizeeka haitupwi, inatibiwa. Jina lenyewe linatokana na inchi 109 zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na kiwanda kiliacha kuzitengeneza mwaka 1985. Sasa piga hesabu mwenyewe umri wa hiyo unayoiona ikihema mlimani.

Tiba ya siku hizi ni kubadilishiwa moyo. Inatolewa injini ya Mwingereza, inaingizwa ya Mjapani. Wiki hii, msomaji wangu, nakupeleka Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ukajionee kwa nini operesheni hiyo hufanikiwa kwenye injini halafu ikafeli kwenye vitu vidogo: yale mapuli, mikanda na pampu za mbele ambazo mnunuzi wala hazitazami.

Njia yenyewe

Ukishatua Bukoba unashika barabara ya Mutukula mpaka Kyaka, kwenye daraja la Mto Kagera lililovunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Hapo unaiacha njia ya mpakani, unashika ya Karagwe. Lami inakupandisha vilimani mpaka Omurushaka na Kayanga, makao makuu ya wilaya. Ukitaka Nkwenda, Kaisho na Murongo, hiyo sasa ni Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012.

Nchi ni nzuri, siyo siri. Migomba kila upande, kahawa imeanikwa uani, ng'ombe wenye pembe ndefu kuliko mkono wako. Lakini ni nchi ya migongo na mabonde. Unapanda, unashuka, unapanda tena. Mwaka 1861 Mwingereza Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe alikuja kwa miguu, na ukiitazama milima ile unamwonea huruma hata leo.

Ndipo utaelewa kwa nini injini ya asili inaomba kustaafu. Ile ya dizeli ya sisi 2,286 ilikuwa na nguvu ya farasi 62 ikiwa mpya. Pakia magunia ya kahawa, weka abiria wawili watatu juu yake, halafu elekea mlimani: utapitwa na mwenye baiskeli anayeisukuma. Kwa hiyo watu wanatafuta 3L ya Hiace au Hilux, maana spea zake zinapatikana mpaka kwenye vibanda. Wenye kupenda ukoo mmoja wanatafuta 300Tdi, ya Land Rover yenyewe, yenye farasi 111.

Bibi harusi na vyombo vyake

Kijana akienda kununua injini ya mtumba, iwe Gerezani pale Dar au Mwanza, anauliza maswali mawili tu. Inawaka? Bei gani? Swali la tatu halimjii kichwani: mbele imekuja na nini?

Mbele ya injini ndipo ilipo puli kubwa ya kranki. Hiyo inazungusha mkanda, na mkanda unazungusha pampu ya maji, feni na altaneta. Kwenye magari mengine unazungusha pia pampu ya pawa stering na kompresa ya eyakondishena. Muuzaji mjanja anavivua vyote hivyo na kuviuza kimoja kimoja, wewe anakuachia bonge la chuma. Unaondoka ukichekelea bei nafuu, kumbe umemchukua bibi harusi bila vyombo vyake. Utakwenda kuazima kwa majirani, na vya majirani havilingani.

Kwenye gereji moja pale Omurushaka, chini ya mparachichi, nilikuta mfano wa hayo ukiwa na boneti wazi. Kijana karithi mia na tisa ya petroli kwa baba yake, kaipachika 3L ambayo ilikuja bila altaneta. Akanunua altaneta ya Toyota ya petroli, bei poa, breketi ikachomelewa mpaka ikakubali. Taa zikawaka kama za uwanja wa mpira. Siku ya kwanza na mzigo wa ndizi, kwenye mteremko, akakanyaga breki akakuta pedali ngumu kama jiwe. Alisimama kwa kukanyaga kwa miguu miwili na kurudisha gia, na utingo alikuwa ameshajiandaa kuruka.

"Mzee, mbona inachaji vizuri tu?" anajitetea.

"Kuchaji inachaji, mwanangu," fundi anamjibu bila kuinua kichwa. "Kusimama je?"

Kisa chenyewe ni hiki. Injini ya petroli huvuta hewa kwa nguvu, na mvuto huo ndio unaosaidia busta ya breki. Dizeli za namna hii hazina mvuto huo. Ndiyo maana Wajapani waliweka pampu ndogo ya kunyonya hewa, ile mafundi wanayoiita vakyumu, mgongoni mwa altaneta ya 3L. Ukifunga altaneta isiyo na mgongo huo umepata umeme, umekosa breki laini. Gari halikosi breki kabisa, ila linadai nguvu ambazo mguu wako hauna. Kwenye 300Tdi vakyumu imekaa ubavuni mwa injini, haitegemei altaneta, kwa hiyo huko una uhuru zaidi wa kuchagua.

Dawa ya yule kijana ilikuwa altaneta kamili ya 3L, pamoja na mpira wa oili unaolainisha vakyumu na mpira wa hewa unaokwenda kwenye busta. Kupima ni rahisi, hata wewe unaweza. Zima injini, kanyaga breki mara nne tano mpaka pedali iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, halafu washa. Pedali ikizama kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi. Isipozama, usiondoke gereji hata kama unachelewa harusi.

Umeme nao usiuchezee

Kabla hujalipia altaneta, soma volti. Land Rover ni volti 12, lakini baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani ni 24, na malori mengi pia. Ukichanganya, utanunua balbu na betri mpaka ushangae.

Land Rover nyingi za kabla ya miaka ya mwisho ya 60 zilifungwa waya wa chanya kwenye bodi, kinyume na za leo. Altaneta ya kisasa ikifungwa hivyo hivyo inaungua papo hapo. Na kama gari la mzee lilikuwa na dainamo ndogo, nyaya zake ni nyembamba. Ukileta altaneta ya ampea 70 au 80, waya wa kutoka hapo kwenda kwenye betri lazima ubadilishwe uwe mnene. Nyaya nyembamba zinapata moto, na kilichopo karibu yake ni mafuta.

Mkanda hautaki longolongo

Puli zote zinazoshika mkanda mmoja lazima zitazamane katika mstari mmoja. Weka rula ndefu ya chuma au uzi uliokazwa kwenye nyuso za puli, utaona. Moja ikitoka nje milimita chache tu, mkanda unapiga kelele kama paka, unaliwa ubavu, na siku ya mvua unaruka. Mbeleko huo ukiondoka, maji hayazunguki, betri haichaji, na kwenye 3L hata vakyumu imelala. Ndiyo sababu nasema chukua breketi za injini ile ile, siyo za kuchomelea kwa kukisia.

Mikanda iko ya aina mbili. Ule wa umbo la V unakazwa kwa mkono: sukuma katikati kwa dole gumba, ukibonyea kama sentimita moja inatosha. Ukizidisha unaua beringi za altaneta na pampu ya maji. Injini ikiwa na mikanda miwili ya V pamoja, badilisha yote kwa siku moja, maana mpya hubeba kazi ya mzee na kufa mapema.

Aina ya pili ni mkanda bapa wenye mistari, kama wa 300Tdi, unaokazwa na puli yenye springi. Huo namba yake inajieleza: ukiona 6PK1200 ujue una mistari 6 na urefu wa milimita 1,200. Lakini una ujanja wake. Mkanda huo ukipita kwa mgongo juu ya puli, kitu hicho kinazunguka kinyume. Kuna injini ambazo pampu ya maji inaendeshwa hivyo. Mtu akitoa mkanda bapa na kuweka wa V kwa kurahisisha mambo, pampu inageuka upande usio wake, na injini inachemka wakati rejeta imejaa maji. Fundi atabadilisha themostati mpaka achoke.

Nini ubebe, nini uache

Karagwe iko juu, kwenye mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Jioni pale Kayanga unatafuta sweta. Kompresa ya eyakondishena ya nini? Iache. Pampu ya pawa stering nayo, kama usukani wako ni ule wa asili wa kutumia misuli, ivue. Usiiache izunguke kavu bila oili, itakwama na kukata mkanda. Kama mkanda ni wa V na kila kifaa kina wake, unatoa tu. Kama ni ule bapa mmoja unaopita kote, usiutoe kiholela. Weka puli tupu mahali pa kifaa ulichoondoa ili mkanda uendelee kukumbatia pampu ya maji vizuri.

Altaneta ipe nafasi ya juu kama breketi inaruhusu. Ikikaa chini itagombana na chesisi, na masika itaoga matope kila siku. Pima pia nafasi kati ya feni na rejeta kabla ya kuchomelea maunti za injini. Wanaotamani 1HZ ya silinda sita wanakumbuka urefu huo wakati feni imeshakwangua rejeta.

Mpaka Murongo

Kutoka Nkwenda kwenda Murongo unapita nchi ya bati, lililochimbwa huko tangu enzi za mkoloni. Mwisho njia inashuka kwenye Mto Kagera, na ng'ambo yake unaiona Kikagati, Uganda. Ni mteremko wa kuheshimu. Dereva mwenye mzigo haongei sana hapo, na sasa wajua anasikiliza nini: mkanda.

Chagua basi kifaa ambacho spea yake utaipata Nkwenda au Kayanga siku ya soko. Kile kizuri zaidi ambacho mwenzake yuko Dubai kitakuwekesha gari juu ya mawe mwezi mzima. Mkanda wa akiba na spana yake vikae chini ya kiti. Na kwa sababu namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, nenda TRA ukabadilishe taarifa, trafiki wasije wakakufanya mwizi wa gari la baba yako.

Farasi wa kupanda mlima kila mtu anawasifia. Ukiwa sokoni na hela mfukoni, anza kwa kuuliza wa kushuka nao. Tukutane wiki ijayo.