Saa Isiyo na Akrabu

Mwanangu alikuwa na saa isiyo na akrabu, iliyoungwa na mashine yake ya muziki. Hupiga mara milioni 10 kwa sekunde, ili vile vipimo vya sauti, 44,100 kila sekunde katika sidii, visomwe kwa wakati wake. Mwaka huu akaleta nyingine, ya ghali zaidi. "Baba, sauti imetakata!" Tukajaribiana, macho tumefumba, mara 10 kila mmoja. Kila mmoja akapatia 5; ndiyo kubahatisha huko. Studio yenye mashine nyingi huhitaji saa moja ya kuziongoza, kama maamuma na imamu wao. Mashine iliyo peke yake hutosheka na saa yake ya ndani. Ile mpya ikarudishwa dukani. Fedha zimekuwa nauli ya shangazi yake, ambaye hatujaonana naye miaka 11.