Kabla Hujauliza Bei ya Ramani ya Zamani, Uliza Mwaka

Wadau, siku hizi mtu akiona ramani ya zamani kwenye fremu, swali huwa moja tu: "Mnauza ngapi?" Mimi nasema hilo ni swali la pili. La kwanza ni mwaka. Ramani usiyoijua umri utaiuza kwa bei ya fremu, na mnunuzi ataondoka akicheka kimoyomoyo.

Nasema haya kwa sababu hapa kwetu Bodo jambo lenyewe limetufika. Babu mzaa mama alifanya kazi ya reli Mombasa. Alipostaafu alirudi na ramani kubwa ya njia za reli, akaitia fremu, na imekaa sebuleni kwa bibi tangu mimi sijazaliwa. Juzi jamaa mmoja anayepamba nyumba za wageni kule Diani ametoa elfu nane. Mjomba ana binti anaingia chuo na karo haijatimia, kwa hivyo anataka iuzwe. Bibi hataki hata kusikia. Mimi ndiye wa simu na intaneti nyumbani, basi nikaambiwa nitafute ukweli wa kitu chenyewe.

Kona ya chini haina mwaka wa kuchapwa. Sasa hapo unafanyaje? Unaisoma kama picha ya harusi isiyo na tarehe: nani yuko, nani bado hajazaliwa.

Anza na jina la shirika. Yetu imeandikwa East African Railways and Harbours. Shirika hilo lilianza 1948, reli ya Kenya na Uganda ilipounganishwa na ya Tanganyika. Mwaka 1969 bandari zikapewa shirika lake peke yake. Kwa hivyo tuko kati ya miaka hiyo miwili. Ingeandikwa Uganda Railway, tungerudi nyuma sana, karibu na enzi za ile reli iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901.

Halafu fuata njia zenyewe kwa kidole. Uganda, reli inafika Kasese. Njia hiyo ilifunguliwa 1956, ikifuata shaba ya Kilembe. Upande wa kaskazini inaishia Soroti; Pakwach, ambako reli ilifika 1964, haipo. Shuka Tanganyika: reli ya Tanga na reli ya kati inayotoka Dar es Salaam hazijashikana. Kipande cha kuziunganisha, Mnyusi hadi Ruvu, kilikamilika 1963. Na kule kusini bado iko njia ya Mtwara kwenda Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanguka vibaya. Reli hiyo ilikuja kung'olewa.

Piga hesabu: inaonyesha hali ya baada ya 1956 na kabla ya 1963. Jina Tanganyika linakubaliana na hilo, maana Tanzania ilikuja 1964. Uhuru wa Tanganyika wa 1961 hausaidii hapa, jina lilibaki lile lile. Na mkumbuke mambo mawili: umri wa fremu si umri wa ramani, na njia iliyochorwa kwa vistari vya kukatika huenda ilikuwa mpango tu. Usiihesabu kama imejengwa.

Lakini mwaka ni mlango tu. Ukishaingia ndani ndio unaona mambo. Kasese ni shaba, Nachingwea ni karanga, Tanga ni mkonge. Reli haikuuliza watu wanakaa wapi, iliuliza mali iko wapi. Sasa peleka kidole Likoni, ushuke hadi Vanga. Hakuna hata mstari mmoja. Bodo haimo kabisa. Kwale ina reli, ndiyo, lakini ni kule bara: Samburu, Taru, Mackinnon Road. Hata hii SGR iliyofunguliwa 2017 imepita huko huko. Babu alivuka feri miaka na miaka kwenda kuhudumia reli ambayo haikuwahi kumfuata kwao.

Na bado aliipenda, na nadhani najua kwa nini. Sisi tunaimba umoja wa Afrika Mashariki kwenye mitandao. Yeye aliuona ukitembea juu ya chuma, nchi tatu, mwajiri mmoja. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, kila nchi ikabaki na vipande vyake. Ile karatasi ukutani ni nchi kubwa ambayo haipo tena.

Msimamo wangu nimeshauweka mezani. Karatasi haiwezi kumzidi msichana kusoma, hapo namuunga mkono mjomba. Lakini elfu nane haimalizi karo, na ramani ikitoka haitarudi, hapo bibi ana haki. Kwa hivyo tuanze na mchango wa ukoo. Wakati huo huo tupige picha nzuri bila mwanga wa simu kurudishwa na kioo, na tuwaonyeshe watu wa Makumbusho ya Reli Nairobi. Ikibidi kuuzwa baada ya hapo, iuzwe na miaka yake na jina la babu nyuma, si kama pambo la kulinganisha na makochi. Mjomba amekubali kungoja wiki tatu. Bibi hajasema kitu, ila ameihamisha mbali na dirisha lenye jua.

Kama kwenu kuna moja, iteremsheni leo. Msiibandike selotepu, msiibandue kwa nguvu kwenye kadibodi. Someni jina la shirika, tafuteni Kasese, tafuteni Pakwach. Halafu mwambie mzee wako akae karibu, umuulize yeye alipanda wapi, na akashuka wapi.